Kufifisha jeni kwa panya wa maabara: siRNA ya sindano, virusi vya AAV, au panya anayezaliwa na shRNA?

Kuzima jeni na kufifisha jeni ni kazi mbili tofauti. Anayezima huikata jeni kwenye DNA, na protini yake haionekani tena. Anayefifisha huiacha DNA ilivyo na kuharibu mRNA tu, yaani nakala ya jeni inayosomwa ili kutengeneza protini, kwa hiyo protini hupungua hadi asilimia 30, 20 au 10 ya kiwango cha kawaida. Wengi huanza kwa kuzima, wakakwama: katika jeni 1,751 za kwanza zilizozimwa na muungano wa kimataifa wa kuchunguza panya, IMPC, jeni 410 ziliua viinitete. Kwa baadhi ya jeni, mRNA iliyoharibiwa na badiliko la DNA huamsha jeni ndugu zake zijaze pengo, na mtafiti huona panya mzima asiye na dalili yoyote. Kufifisha hukwepa mitego hiyo miwili. Tena hufanana zaidi na dawa, ambayo ni nadra kuziba protini yote.

Lakini kufifisha hakufai kila mahali. Vimeng'enya vingi hufanya kazi yote kwa asilimia 10 tu ya kiwango chake. Kama jeni yako ni ya namna hiyo, hakuna njia kati ya hizi tatu itakayokupa jibu, na ni heri uzime jeni katika kiungo kimoja kwa Cre na loxP, yaani kimeng'enya kinachokata DNA na alama zinazokionyesha pa kukata.

Andrew Fire na Craig Mello walieleza uingiliaji wa RNA, msingi wa mbinu zote tatu, mwaka 1998 kwa minyoo, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2006. Mwaka 2001 ilionyeshwa kwamba vipande vya nyukleotidi 21 hufanya kazi katika seli za mamalia bila kuamsha kinga, na mwaka 2002 kazi hiyo ikafanyika ndani ya panya wazima. Njia yenyewe ni moja: uzi mwongozo, mmoja wa nyuzi mbili za RNA hiyo fupi, hukaa ndani ya protini ya Ago2, hutafuta mRNA inayolingana nao, na Ago2 huikata mkabala na kati ya nyukleotidi ya 10 na ya 11 ya mwongozo. Tofauti ya mbinu hizi tatu ni mlango wa kuingilia. siRNA, kipande kifupi cha RNA cha nyuzi mbili kilichotengenezwa nje, huingia moja kwa moja kwenye saitoplazimu. shRNA, RNA iliyokunjwa kama pini, hutengenezwa ndani ya kiini, hutolewa nje na protini ya Exportin-5, kisha hukatwa na kimeng'enya cha Dicer. Ukiikumbuka tofauti hiyo, sehemu kubwa ya madhara yaliyoelezwa hapa chini haitakushangaza.

## Vigezo vya kupima

Jiulize kwanza kiungo gani, maana hicho peke yake huondoa nusu ya machaguo. Kisha muda: siku kumi, miezi sita, au tangu mimba? Tatu, kina cha ufifishaji na usawa wake kati ya seli na seli. Asilimia 70 ya wastani yaweza kuwa seli zote zimepungua kwa 70, au seli 70 katika 100 zimepungua kabisa na 30 hazijaguswa. Kibiolojia hayo ni majaribio mawili. Nne, je, unahitaji jeni irudi? Tano, madhara ya pembeni yanatoka wapi. Mwisho ni muda wa maandalizi na idadi ya wanyama, jambo ambalo kamati ya maadili itakuuliza hata usipojiuliza mwenyewe.

## Kabla ya kuchagua: mfuatano

Mfuatano mbovu wa nyukleotidi za siRNA au shRNA hushindwa katika mbinu zote tatu, na gharama ya kugundua hupanda kila hatua. Pima angalau mifuatano minne hadi sita kwa seli za panya zinazobeba jeni hiyo kwa asili. Chagua yenye G na C kati ya asilimia 30 na 52, na A au U kwenye mwanzo wa uzi mwongozo, kwa sababu Ago2 hupendelea kupakia uzi ambao ncha yake ya 5′ imefungwa kwa ulegevu.

Kwa siRNA, pima kwa nanomola 0.1, 1 na 10. Inayohitaji zaidi ya 10 iache. Ndani ya mnyama haitafika kwa kiwango hicho. Kwa shRNA, ambukiza seli kwa virusi vichache, chini ya seli 20 kwa kila 100, ili kila seli iliyopokea iwe na nakala moja. Watu wengi hupima shRNA kwa plasmidi (DNA ya duara) nyingi, wakapata asilimia 95, kisha panya mwenye nakala moja anatoa 30. Kosa hilo hula mwaka mzima.

Linganisha pia mfuatano wako na ukoo halisi wa panya utakaotumia. Herufi moja inayotofautiana kati ya koo za C57BL/6 na BALB/c, ikiangukia katikati ya uzi, yatosha kuzuia ukataji. Hakikisha pia kwamba sehemu unayolenga imo katika aina zote za mRNA zinazotokana na jeni hiyo kwenye kiungo chako.

## siRNA ya sindano

Kiungo. Kwa njia ya damu, jibu ni ini. siRNA tupu huchujwa na figo ndani ya dakika chache. Chembe nano za mafuta, zenye kipenyo cha nanomita 70 hadi 100 hivi, huvikwa ApoE, protini inayobeba mafuta, ndani ya damu na kuingia kwenye seli za ini kupitia kipokezi cha LDL. siRNA iliyofungwa na sukari ya GalNAc huingia kupitia kipokezi cha asialoglaikoprotini, kilichojaa kwenye seli hizo hizo. Njia zote mbili zimeshafika hospitalini: patisiran ya chembe za mafuta iliidhinishwa Marekani mwaka 2018, na givosiran ya GalNAc mwaka 2019. Mapafu, jicho na ubongo kwa kawaida hufikiwa kwa kupelekewa siRNA papo hapo, na mara nyingi eneo linaloguswa huwa dogo.

Dozi na muda. Chembe za mafuta hutolewa kwenye mshipa wa mkia kwa miligramu 0.1 hadi 1 kwa kilo. Panya wa gramu 25 kwa miligramu 1 kwa kilo anahitaji mikrogramu 25. Ukitoa mililita 5 kwa kilo, yaani mikrolita 125, mchanganyiko uwe miligramu 0.2 kwa mililita. mRNA hufika chini kabisa baada ya saa 48 hadi 72. GalNAc huchomwa chini ya ngozi, kwa kawaida miligramu 1 hadi 3 kwa kilo, huchukua wiki moja au mbili kufika chini, kisha hudumu kwa wiki kadhaa. Lazima iwe imebadilishwa kikemikali kila nyukleotidi. Ya kawaida ikifungwa GalNAc huvunjwa kabla ya kufanya lolote.

Ipo pia njia ya zamani: maji ya kiasi cha asilimia 8 hadi 10 ya uzito wa mwili, yakisukumwa ndani ya sekunde 5 hadi 8 kupitia mkia. Hufikisha siRNA au plasmidi kwenye ini, ila moyo hulemewa kwa muda na vimeng'enya vya ini hupanda siku hiyo. Kwa jaribio la haraka la mfuatano inafaa. Kwa utafiti wa ugonjwa wa ini, jeraha lenyewe litavuruga matokeo.

Kina. Katika ini, asilimia 80 hadi 90 na zaidi hupatikana, na karibu kila seli ya ini hupokea. Hapa ndipo siRNA inapozipita mbinu nyingine.

Kinachoharibika. Protini hukawia kuliko mRNA, na hesabu yake si ngumu. Tuseme utengenezaji umeshuka hadi asilimia 10, na nusu-maisha ya protini ni siku 3. Siku ya 3 bado una asilimia 55 ya protini. Siku ya 9 unabaki na 21 hivi. Anayewachinja panya siku ya 3 kwa sababu mRNA imeshuka anapima panya ambaye bado ana zaidi ya nusu ya protini yake, kisha anaandika kwamba jeni haina kazi. Panga siku ya kipimo kwa nusu-maisha ya protini, na urudie dozi ikibidi.

Pili ni kinga. Mifuatano yenye U nyingi huamsha TLR7, kipokezi cha kinga, na intaferoni inayotoka hubadilisha mamia ya jeni. Kubadilisha baadhi ya nyukleotidi kuwa 2′-O-methili hutuliza hali hiyo. Pima Ifit1 na Oas1, jeni zinazoamshwa na intaferoni, saa 6 hadi 24 baada ya sindano. Kundi linganishi lipewe chembe zile zile zikiwa na siRNA isiyolenga kitu, wala si maji ya chumvi, kwa kuwa mafuta yenyewe yana athari.

Mengine ni ya mkono. Chembe za mafuta hukaa kwenye nyuzi 4. Zikigandishwa bila sukari ya kuzilinda huungana mabonge, na bonge likiingia kwenye damu huishia mapafuni. Ukiona uvimbe mweupe pembeni mwa mshipa wa mkia wakati wa kuchoma, dozi haikuingia yote. Andika namba ya panya huyo papo hapo, usisubiri matokeo yake.

Inamfaa nani. Mwenye swali la ini, mwenye panya wazima waliokwisha kuumwa au kulishwa chakula maalumu, na anayetaka jibu ndani ya wiki chache.

## shRNA ndani ya AAV

Kiungo. Aina ya ganda la AAV, kirusi kidogo kinachobeba jeni, ndiyo inayoamua: AAV8 kwa ini, AAV9 kwa moyo, misuli na ini pia. PHP.eB huvuka kizuizi cha damu na ubongo, lakini kwa panya wenye toleo sahihi la protini ya Ly6a tu. Kwa C57BL/6J hufanya kazi vizuri, kwa BALB/c haivuki. Promota, yaani kipande cha DNA kinachowasha jeni, huongeza uteuzi. Promota za U6 na H1 huwaka katika kila seli. shRNA iliyofichwa ndani ya mfupa wa miR-30 au miR-E, yaani umbo la miRNA, RNA fupi za seli zenyewe, huweza kuongozwa na promota ya kiungo: TBG kwa ini, sinapsini kwa niuroni, cTnT kwa moyo.

Dozi na muda. Kwa damu, nakala 10¹¹ hadi 10¹² kwa panya. Kwa ubongo, mikrolita 1 yenye nakala 10⁹ hadi 10¹⁰, isukumwe kwa mikrolita 0.1 hadi 0.2 kwa dakika, kisha sindano iachwe mahali pake dakika 5 hadi 10 kabla ya kuvutwa polepole. Ukiivuta mapema, kimiminika hupanda na njia ya sindano na gamba la juu la ubongo litapokea virusi badala ya shabaha yako. Ufifishaji hukomaa baada ya wiki 2 hadi 4 na hudumu miezi. Hauzimiki ukitaka.

Kina. Hutegemea ni seli ngapi zimepata virusi. Weka GFP, protini inayong'aa kijani, kwenye virusi hivyo hivyo ili uhesabu seli zilizopokea, na uzipime peke yake. Kipimo cha kiungo kizima huchanganya zilizopokea na zisizopokea.

Kinachoharibika. Onyo kubwa lilitoka mwaka 2006: kati ya AAV 49 tofauti zenye shRNA zilizopelekwa kwenye ini la panya, 36 zilileta jeraha la ini kulingana na dozi, na 23 hatimaye ziliua. Mfuatano wa shabaha haukuwa tatizo. shRNA nyingi mno chini ya U6 zilijaza njia ya Exportin-5, na miRNA za seli zenyewe zikakosa nafasi ya kutoka. Katika ubongo pia, shRNA za U6 zimeua niuroni mahali ambapo mfuatano ule ule ndani ya miRNA bandia haukuua. Kwa hiyo anza na miR-30 au miR-E, tumia dozi ndogo inayotosha, na upime vimeng'enya vya ini vya ALT na AST wiki ya 2 na ya 4. Ukitumia U6, kundi linganishi lipewe shRNA isiyolenga kitu kwa dozi ile ile. AAV yenye GFP tu haitakuonyesha madhara hayo.

Pini kali ya shRNA pia hukwamisha unakili wa jenomu ya AAV, na virusi vingine hufungwa na nusu ya ujumbe. Hesabu ya nakala inaweza kuonekana nzuri huku nguvu ikiwa ndogo. Mfupa wa miRNA hupunguza tatizo. Ukubwa ni kikwazo kingine: nafasi ni kilobesi 4.7 hivi, na nusu yake kwa AAV ya nyuzi pacha.

Usitegemee sindano ya pili kwenye damu. Kingamwili za dozi ya kwanza huzuia ya pili, labda ubadilishe ganda. Vilevile usiwachome watoto wa siku moja kwa swali la ini: AAV haijiungi na kromosomu kwa kiasi cha maana, ini linakua, seli zinagawanyika, na ufifishaji unayeyuka kabla hawajakomaa.

Lentivirusi, aina nyingine ya virusi vya kubeba jeni, hujiunga na kromosomu, hivyo hazipotei seli zikigawanyika, lakini husambaa vibaya kupitia damu. Mahali pake hasa ni seli shina za damu: huambukizwa nje ya mwili kisha hupandikizwa kwa panya aliyepigwa mionzi.

Inamfaa nani. Mtafiti wa ubongo, moyo au misuli; mwenye ukoo wa panya wenye mabadiliko mengine tayari, ambaye hataki kuzalisha upya; na anayehitaji eneo moja la kiungo kimoja.

## Panya anayezaliwa na shRNA

Kiungo. Kila kiungo, mradi kiwasha kimo, yaani rtTA, protini inayowasha shRNA pale dawa ya doksisaiklini inapokuwepo. Panya wa kwanza wa namna hii, wa mwaka 2002 na 2003, waliingizwa shRNA mahali popote kwenye kromosomu. Baadhi ya koo zilifanya kazi, nyingine zilinyamazishwa. Leo shRNA hupandwa mahali maalumu, Col1a1 au Rosa26, nakala moja. Kwenye mpangilio unaotumika sana, shRNA ya miR-30 au miR-E huwekwa chini ya promota inayowashwa na doksisaiklini pamoja na GFP, kwenye Col1a1, na rtTA hukaa Rosa26 au chini ya promota ya kiungo.

Dozi na muda. Doksisaiklini hutolewa kwenye chakula, mara nyingi miligramu 625 kwa kilo ya chakula, au kwenye maji kwa miligramu 1 hadi 2 kwa mililita na sukari ya kuficha uchungu, katika chupa isiyopitisha mwanga, ikibadilishwa mara mbili kwa wiki. Chakula ni bora: panya hukataa maji machungu, hupungua uzito, na uzito huo hugeuka dalili ya uongo. Ufifishaji hukomaa ndani ya wiki moja hivi. Ukiiondoa dawa, jeni hurudi kwa siku hadi wiki chache. Mwaka 2007 panya wenye shRNA dhidi ya kipokezi cha insulini walipandwa na sukari walipopewa doksisaiklini, na sukari ikashuka ilipoondolewa. Hiyo ndiyo sifa ambayo mbinu mbili za kwanza hazikupi kwa wakati unaotaka: mnyama yule yule hutumika kama mlinganisho wake mwenyewe.

Kina. Nakala moja hutoa ufifishaji mzuri kwa mfuatano wenye nguvu tu. Usawa kati ya seli hutegemea rtTA, ambayo katika viungo vingine huwaka kwa madoadoa. Ubongo hupokea doksisaiklini kidogo kuliko ini au utumbo.

Kinachoharibika. Maandalizi yatachukua karibu mwaka: kulenga seli shina za kiinitete, kupata panya mseto (mwenye seli hizo na za kiinitete kingine), kupata watoto wanaorithisha, kisha kuwaoanisha na wenye rtTA. Kama kila mzazi ana nakala moja ya kimoja, mtoto 1 kati ya 4 ndiye atakayebeba vyote viwili. Unahitaji wabebaji 20? Panga kupata watoto 80, yaani mizao 10 hadi 14 ya watoto 6 hadi 8. Faida iliyojificha humo ni kwamba ndugu wa uzao mmoja wasiobeba vyote ndio walinganishi bora kuliko wote.

Promota huvuja kidogo hata bila dawa. Pima mRNA kwa panya wasiolishwa doksisaiklini. Dawa yenyewe hugusa bakteria wa tumboni na mitokondria, hivyo kila kundi lilishwe sawa, wakiwemo walinganishi. Kumbuka pia kwamba hupita kwenye kondo na maziwa: mama akilishwa, watoto wamelishwa.

Inamfaa nani. Maabara itakayotumia panya hao kwa miaka, swali la kuwasha na kuzima, swali la ukuaji tangu tumboni, na jeni ambayo ukiizima kabisa kiinitete hufa.

## Uthibitisho usiokwepeka

Eneo la mbegu, yaani nyukleotidi ya 2 hadi ya 8 ya uzi mwongozo, laweza kupunguza mRNA nyingine nyingi zinazolingana nalo kwa bahati. Ndiyo maana mfuatano mmoja haumshawishi mhakiki makini. Tumia miwili isiyo na mbegu moja, na wote walete dalili ile ile. Mlinganishi mzuri wa shRNA ni ile inayolenga lusiferasi ya Renilla, jeni ambayo panya hana. Kwa siRNA, tengeneza pia toleo lililobadilishwa nyukleotidi ya 9 hadi ya 11: mbegu inabaki, ukataji unakufa. Dalili ikibaki, haikutoka kwenye jeni yako. Ushahidi wenye nguvu kuliko wote ni kurudisha jeni iliyobadilishwa herufi ili siRNA isiitambue, protini ikibaki ile ile, na kuona dalili inaondoka.

Weka praima za qPCR, kipimo cha wingi wa mRNA, zivuke mahali pa kukata, kwa sababu kipande kilichokatwa chaweza kukawia na kuhesabiwa kama mRNA nzima. Pima protini kila mara.

## Kwa hali yako

Swali lako ni la ini na panya wako wazima tayari: anza na siRNA. GalNAc kwa jaribio la zaidi ya mwezi, chembe za mafuta kwa jibu la wiki hii.

Ni niuroni za eneo moja la ubongo: AAV yenye miR-E na promota ya niuroni, upande wa pili wa ubongo ukipewa mlinganishi, pale tabia unayopima inaporuhusu.

Jeni huua kiinitete, nawe unataka kujua inafanya nini kwa mnyama mzima: kama kiungo kinafikiwa na AAV, jaribu AAV kwanza, hata kama mpango wako wa mwisho ni panya wa kuzaliwa. Miezi miwili ya AAV itakueleza kama ufifishaji wa kiwango hicho unaleta dalili yoyote, kabla ya kutumia mwaka.

Unataka kujua kama ugonjwa unarudi nyuma jeni ikirudi: panya wa shRNA na doksisaiklini, bila njia ya mkato. Seli zinazogawanyika haraka, kama za utumbo na damu, nazo ziko huku, au kwenye lentivirusi kwa upande wa damu.

Huna anayeweza kuchoma mshipa wa mkia kwa uhakika: GalNAc ya chini ya ngozi kwa ini, au panya wa kulishwa dawa. Dozi isiyolingana kati ya panya na panya itakulazimisha kuongeza wanyama ili kuona tofauti ambayo mkono uliozoea ungeiona kwa wachache.

Na kama mifuatano yote sita imeshindwa kuvuka asilimia 70 kwenye seli, usimguse panya bado. Tengeneza sita mingine.